Ngome ya nyota ya Hakodate: niende msimu gani?

SWALI: Mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Tanga, ameniandikia. Mwanawe anasoma chuo kikuu Sapporo, kaskazini mwa Japani, na ndugu wamemchangia nauli akamtembelee. Safari hiyo anaihesabu kuwa ya mara moja maishani. Ameona picha ya ngome yenye umbo la nyota katika mji wa Hakodate, imezungukwa na maua ya sakura ya rangi ya waridi, akaipenda. Anauliza: "Niende msimu gani? Kila ninayemuuliza ananiambia maua tu. Na je, kuna cha kuangalia siku nzima mahali ambapo, kama nilivyosoma, hata jengo kuu lilivunjwa zamani? Ujue magoti yangu si yale ya ujanani."

JIBU:

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri: nenda Februari, wiki mbili za mwisho, theluji ikiwa bado imelala. Najua neno hili ni zito kwa mtu wa Tanga, ambako kipupwe cha Julai tu kinatosha kuwatolea watu masweta kabatini. Lakini nimekaa Hakodate miaka minne nikisomea uhifadhi wa majengo ya kale, na ngome hiyo nimeizunguka kila mwezi wa mwaka. Wageni niliowatembeza wakati wa maua waliondoka na picha za maua. Wewe umefundisha historia maisha yako yote. Nataka uione ngome.

Jina lake, Goryokaku, linajieleza: go ni tano, ryo ni pembe, kaku ni boma. Mwaka 1854 Japani ilitia saini mkataba na Marekani baada ya kujifungia kwa zaidi ya miaka mia mbili, na Hakodate ikawa mojawapo ya bandari mbili za mwanzo kufunguliwa kwa meli za Wamarekani. Ofisi ya liwali wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani wa enzi hizo, ilikuwa chini ya mlima, karibu kabisa na maji. Manowari yoyote iliyotia nanga bandarini ingeweza kuipiga bila hata kusogea. Ikaamuliwa ofisi ihamie bara, kilomita tatu hivi kutoka bandarini, na izungushiwe boma la namna ya Ulaya. Kazi hiyo akapewa Takeda Ayasaburo, msomi aliyejifunza sayansi ya Ulaya kupitia vitabu vya Kiholanzi. Mwaka 1855 manowari ya Wafaransa ilipofika Hakodate, alipata nafasi ya kuwauliza maofisa wake jinsi ngome zinavyojengwa kwao. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga Ulaya. Ujenzi ulianza 1857, na ofisi ikahamia ndani ya boma mwaka 1864.

Nadhani umewahi kufika Mombasa ukaingia Fort Jesus. Kama ndivyo, nusu ya somo unalo tayari. Ukuta wa mviringo au wa mraba una ugonjwa mmoja: adui akishafika chini yake na kujibana, mlinzi aliye juu hamwoni, na mzinga haumfikii. Wataliano wa karne ya 15 na ya 16 waliutibu ugonjwa huo kwa kutoa pembe kali nje ya ukuta, kila pembe ikiulinda ubavu wa mwenzake, kusibaki hata hatua moja ya kujifichia. Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliwachorea Wareno Fort Jesus kwa hesabu hiyo hiyo, na ikajengwa kati ya 1593 na 1596. Baina yake na Goryokaku pana miaka zaidi ya 260 na bahari mbili kuu, lakini ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukisimama kwenye pembe moja ya Hakodate ukatupa jicho kwenye pembe ya jirani, utaikumbuka Mombasa papo hapo.

Tofauti ni kwamba Fort Jesus imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na ukiwa baharini unaiona kutoka mbali. Goryokaku imelala chini. Ukifika kwenye daraja la kuingilia huoni nyota yoyote. Mbele yako kuna handaki la maji lenye upana wa hadi mita 30, ng'ambo yake ukuta mfupi wa mawe, juu yake tuta la udongo lenye majani, na miti mingi. Hapa ndipo wageni wengi wanapovunjika moyo, wanapiga picha mbili na kuondoka. Ngome ya aina hii ilikusudiwa isionekane kwa mbali, maana kinachoonekana ndicho kinachopigwa. Kwa hiyo huna budi kupanda mnara uliojengwa pembeni yake, Goryokaku Tower, wenye urefu wa mita 107. Umefunguliwa mwaka 2006 badala ya ule wa 1964 uliokuwa na mita 60. Lifti inakupandisha hadi mita 90, kwa hiyo magoti hayana kesi. Ukitazama chini, nyota yote iko miguuni pako.

Sasa turudi kwenye msimu. Ndani ya ngome na kando ya handaki kuna misonobari na misakura, na misakura peke yake ni kama 1,500. Kuanzia Mei hadi Oktoba majani yake yanazifunika kingo, na ile michirizo mikali aliyoipiga Takeda inalegea na kuwa mviringo wa kijani. Wakati wa maua ni hivyo hivyo, ila rangi ni ya waridi. Februari majani hayapo. Theluji inatulia juu ya matuta na kwenye kila mahali palipo bapa, na handaki likiganda nalo linakuwa uwanja mweupe. Lakini theluji haishiki kwenye uso wa jiwe uliosimama wima. Kwa hiyo kati ya weupe wa handaki na weupe wa tuta unabaki mstari mmoja wa jiwe jeusi, unazunguka pembe baada ya pembe bila kukatika. Mara ya kwanza nilipouona nilikaa juu ya mnara ule karibu saa nzima. Nilikuwa nimeuona mchoro wa Takeda kwenye vitabu, na sasa ulikuwa umechorwa upya ardhini kwa wino.

Na mawe hayo yana habari yao, ambayo ndiyo hasa inayonifanya nikusukume kwenda wakati wa baridi. Mpango wa awali ulikuwa wa matuta ya udongo tu, kwa sababu udongo unaimeza risasi ya mzinga, ilhali jiwe linapasuka na kurusha vipande. Baridi ya Hakodate ikaukataa mpango huo. Maji yaliyomo ndani ya udongo yanaganda na kuvimba, yanausukuma udongo nje, kisha masika ya huko yakifika yanayeyuka na tuta linamomonyoka kuingia handakini. Ikabidi kingo za handaki zijengewe ukuta wa jiwe, jiwe lililochongwa katika mlima Hakodate ulio upande wa pili wa mji. Ukikaribia lango, angalia safu ya pili kutoka juu: mawe yake yametokeza nje kama ukingo wa rafu, ili mtu anayepanda agonge kichwa na kukosa pa kushika. Safu hiyo nayo huwa na theluji juu yake, na kivuli chake kinaonekana vizuri zaidi Februari kuliko wakati mwingine wowote.

Kwa mwalimu wa historia, kipindi hicho kina uzito mwingine. Vita vilivyopiganwa hapo vilikwenda na majira. Mwaka 1868 utawala wa shoguni ulianguka na serikali mpya ya Mfalme Meiji ikashika nchi. Enomoto Takeaki, ofisa wa jeshi la majini la shoguni aliyesomea Uholanzi, alikataa kuzisalimisha meli zake. Akasafiri nazo kaskazini pamoja na samurai waliokosa pa kwenda na maofisa wachache wa Kifaransa, akiwemo Jules Brunet, aliyekuwa ametumwa Japani kufundisha jeshi la shoguni. Walishuka pwani theluji ikianguka, na mwanzoni mwa Desemba 1868 wakaingia Goryokaku. Januari iliyofuata maofisa walipiga kura kuchagua viongozi, na Enomoto akawa mkuu wao. Waliopiga kura ni maofisa tu, raia wa kawaida hawakuulizwa. Hata hivyo, katika Japani ya wakati ule lilikuwa jambo jipya kabisa. Historia inaiita serikali yao Jamhuri ya Ezo, Ezo likiwa jina la zamani la kisiwa cha Hokkaido.

Baridi iliwapa hifadhi na baridi hiyo hiyo ikawavunja mguu. Iliwahifadhi kwa kuwa jeshi la serikali halikuvuka mlango-bahari wa Tsugaru katikati ya kipupwe. Iliwavunja mguu kwa kuwa mwishoni mwa Desemba manowari yao bora, Kaiyo Maru, iliyoundwa Uholanzi, ilipigwa na dhoruba mbele ya mji wa Esashi ikazama. Walioishi kwa kutegemea bahari wakabaki na nchi kavu. Theluji ilipokwisha, Mei 1869, majeshi ya Mfalme yakashuka. Bandarini ikaingia manowari ya chuma, Kotetsu, iliyoundwa Ufaransa kwa ajili ya majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mizinga yake ilifika hadi ndani ya ngome. Hapo ndipo hesabu ya Takeda ilipoanguka: zile kilomita tatu zilitosha kwa mizinga ya zamani, siyo kwa ile mipya. Inasimuliwa kwamba waliokuwa ndani walilazimika kukikata kinara cha ngoma juu ya paa la ofisi ya liwali, kwa kuwa kilikuwa shabaha ya wazi kwa wapiga mizinga wa bandarini.

Tarehe 20 Juni Hijikata Toshizo, kamanda aliyekuwa maarufu kuliko wote, alipigwa risasi akiwa juu ya farasi akijaribu kufungua njia ya kwenda bandarini. Alikuwa na miaka 34. Siku saba baadaye ngome ikasalimu amri. Kabla ya hapo Enomoto alifanya jambo ambalo mimi siwezi kulisimulia bila kutulia kidogo. Alikuwa na kitabu cha sheria za bahari alichorudi nacho kutoka Uholanzi, nakala ya pekee Japani nzima. Akampelekea adui yake, jenerali Kuroda Kiyotaka, kisije kikaungua pamoja naye, kwa sababu nchi ingekihitaji yeyote atakayeshinda. Kuroda akamrudishia pombe ya kuwapa askari wake, na vita vilipokwisha akanyoa kichwa kwa kumwombea Enomoto asiuawe. Enomoto alifungwa, akasamehewa mwaka 1872, na mwaka 1875 ndiye aliyeiwakilisha Japani kutia saini mkataba wa mipaka na Urusi.

Umeuliza kuhusu jengo kuu. Ni kweli, ofisi ya liwali ilivunjwa mwaka 1871, miaka saba tu baada ya kuanza kutumika. Kati ya majengo ya asili, ghala la chakula peke yake ndilo lililobaki. Lakini mwaka 2010 sehemu ya ofisi, kama theluthi moja, ilifunguliwa ikiwa imejengwa upya pale pale ilipokuwa. Hii si nyumba ya maonyesho iliyopigwa misumari haraka haraka. Waliitafuta kwa kuchimbua misingi, kwa ramani na maandishi ya zamani, na kwa picha moja ya kale iliyopatikana Ufaransa, ambayo iliwasaidia kupima kimo cha paa na kinara. Mafundi wakaiunga kwa ufundi wa kale wa seremala wa Kijapani. Mimi kazi yangu ni majengo, na nimeona mengi "yaliyorudishwa" yanayonitia uchungu. Hili silitilii shaka. Ukiingia, vua viatu na uende taratibu hadi kwenye vile vyumba vinne vya mikeka vinavyofunguliwa na kuwa ukumbi mmoja mrefu. Angalia juu ya milango, pale mbao zinapopishana bila msumari. Vaa soksi mbili nzito, kwani mbao za korido zina baridi ya kupenya hadi mfupani, na huko utakaa zaidi ya unavyodhani.

Nikiri pia upungufu wa kwenda Februari. Sehemu ya ofisi ambayo haikujengwa imechorwa ardhini kwa mistari, chumba baada ya chumba, na theluji inaifunika yote. Boti za makasia za handakini hazipo. Na juu ya matuta usipande kabisa, hata ukiona nyayo za wengine. Mteremko wake ukishaganda hauna huruma kwa mtu wa umri wowote.

Badala ya boti una barafu, na barafu ya handaki hilo iliwahi kuwa bidhaa. Katika miaka ya mwanzo ya Meiji barafu iliyouzwa Yokohama ilitoka Boston, Marekani, ikizunguka nusu ya dunia melini. Mfanyabiashara Nakagawa Kahei alijaribu kuivuna sehemu mbalimbali za Japani ikawa inamharibikia, mpaka alipofika Hakodate vita vikiwa vimekwisha tu. Akaikata barafu ya handaki la Goryokaku na kuisafirisha kusini kwa meli, na kwa bei yake akaiondoa ile ya Boston sokoni. Fikiria, Mwalimu: handaki lililochimbwa kuwazuia wageni wasiingie likaishia kuwashinda sokoni. Asubuhi moja ya baridi kali nilisimama darajani peke yangu nikasikia barafu inalia, sauti ndefu ya chini inayotoka pembe hii hadi ile, kama mlango mzito wa Lamu unavyofunguliwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma theluji kwa koleo aliniona nimeshtuka, akacheka, akanionyesha kwa mkono kwamba jua ndilo limeanza kuipiga.

Jioni ndiyo taji la siku. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari taa kama 2,000 hupangwa kando ya handaki na kuwashwa machweo. Panda mnara saa kumi na nusu alasiri, mwanga ungali upo. Uione nyota kwanza kwa jua, kisha usubiri. Anga likianza kuwa la bluu nzito, taa zinaufuata ule ukingo wa jiwe na nyota inajichora mara ya pili, safari hii kwa mwanga. Usishuke mapema. Wengi hushuka taa zinapowaka tu, ilhali dakika ishirini baadaye ndipo theluji inapoanza kuurudisha mwanga.

Nisije nikaonekana nayadharau maua. Sakura za hapo huchanua mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na miaka ya karibuni joto limekuwa likiziwahisha hata katikati ya Aprili. Hapo ndipo ugumu ulipo: maua yanakaa wiki moja, pengine siku kumi, upepo au mvua ikija ni pungufu ya hapo, na tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam huinunui kwa kubahatisha wiki. Isitoshe, yanaangukia karibu na mfululizo wa sikukuu za taifa unaoanza Aprili 29, ambapo Japani yote iko safarini na vyumba vya hoteli vinapanda bei. Ukiyakuta, basi umepata neema. Wenyeji wanatandika mikeka chini ya miti, wanachoma nyama ya kondoo, na petali zinajaa kwenye maji ya handaki mpaka maji hayaonekani. Miti yenyewe si ya enzi za vita. Ilianza kupandwa na gazeti moja la mji miaka ya 1910, ngome ilipokuwa inageuzwa kuwa bustani ya umma, iliyofunguliwa 1914.

Majira ya joto sikushauri uyavukie bahari. Ni mazuri, Agosti ina wastani wa nyuzi 22, wakazi wa mji kwa mamia huigiza historia yao usiku mbele ya handaki, desturi waliyoianza 1988. Lakini ukungu wa baharini ukishuka, kwenye mnara unaona weupe mtupu. Kama Februari itakushinda kwa sababu yoyote, basi chukua mwisho wa Oktoba na wiki ya kwanza ya Novemba. Majani ya misakura yanakuwa mekundu yenye kutu, hewa ni safi, watu wachache, na unaweza kupanda juu ya matuta na kutembea kutoka pembe hadi pembe. Hiyo ndiyo chaguo langu la pili, tena kwa karibu sana.

Sasa mambo ya miguu na tumbo. Februari vyuo vya Japani huwa likizoni, kwa hiyo mwanao ataweza kukusindikiza bila kukosa masomo. Epuka wiki ya tamasha la theluji la Sapporo mwanzoni mwa mwezi, hoteli zinajaa. Kutoka Sapporo mpande treni ya Hokuto, mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne. Kaa dirishani upande wa kushoto, maana njia inaambaa ufuoni kwa muda mrefu na utaona kitu ambacho Tanga hakipo: theluji imefika hadi kwenye mawimbi. Jambo moja mwambie mwanao alishike. Dakika chache kabla ya Hakodate treni husimama kituo kiitwacho Goryokaku. Msishuke. Kituo hicho kina jina la ngome tu, ngome yenyewe iko kilomita mbili huko. Nendeni mpaka Hakodate, mwisho wa njia, mlale karibu na stesheni. Asubuhi mpande tramu hadi kituo cha Goryokaku-koen-mae. Kutoka hapo ni robo saa kwa miguu kwa kijana. Wewe chukua teksi, ni mwendo mfupi na gharama si kubwa. Acheni pia siku moja ya akiba kwenye ratiba, kwa sababu tufani ya theluji ikivuma treni hufutwa.

Baridi yenyewe si ya kutisha kama inavyosimuliwa. Wastani wa Februari uko chini kidogo ya sifuri, usiku unashuka nyuzi sita, saba, mara nyingine kumi. Adui wako hasa ni utelezi. Kwa kuwa joto linapanda na kushuka kwenye sifuri, mchana theluji inayeyuka na usiku inaganda, na asubuhi njia inang'aa kama kioo. Madukani kuna misumari midogo ya kufunga chini ya viatu. Mwanao akununulie kabla hujatoka stesheni. Tembea kama unavyopita juu ya mwamba wenye mwani maji yakiwa yamekupwa: hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko. Nunua na vile vifuko vya joto viitwavyo kairo, uweke kimoja kila mfuko na kimoja mgongoni juu ya shati la ndani. Ngome ikizungukwa kwa nje ni kama kilomita 1.8. Usijilazimishe kuimaliza. Kutoka daraja la kwanza hadi kwenye ofisi ya liwali, utakuwa umepita kwenye pembetatu ndogo ya nje iliyokusudiwa kulilinda lango. Zilipangwa tano, fedha zikatosha kujenga moja.

Chakula hakitakusumbua, wewe ni mtu wa pwani. Ngisi ndiye fahari ya mji, ingawa miaka ya karibuni amepungua baharini, na soko la asubuhi karibu na stesheni lina kaa, samaki na wali. Tambi za supu ya chumvi ni chakula cha mji huo, lakini supu yake mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Kama hauli, mwanao aulize kabla hamjaketi. Na kama unafunga, angalia kalenda, kwa kuwa miaka hii Ramadhani inaingia katika Februari. Ruhusa ya msafiri unayo. Ukitaka kufunga, mchana wa huko wakati huo ni mfupi, jua hukaa juu kwa muda wa kama saa kumi na moja tu, na linatua ukiwa juu ya mnara. Beba tende zako mfukoni.

Chini ya mlima Hakodate kuna mnara wa kumbukumbu wa mwaka 1875 kwa ajili ya wafuasi wa shoguni waliokufa katika vita hivyo. Maiti zao ziliachwa mitaani, watu wakiogopa kuzigusa kwa kuihofia serikali, mpaka mkazi mmoja, Yanagawa Kumakichi, alipokusanya vibarua wake akazizika. Ni mahali pa kusimama kimya, lakini kuna ngazi msituni, na Februari sikupeleki huko. Badala yake, siku ya kuondoka, mkiwa na nusu saa kabla ya treni, mwanao akupeleke kwenye bustani ndogo ya Wakamatsu, mwendo mfupi na tambarare kutoka stesheni. Kuna jiwe pale la kuonyesha mahali panapoaminika kuwa ndipo Hijikata alipoanguka. Mara zote nilizopita, hata siku ambazo koleo lilikuwa halijafika, nilikuta kuna mtu amekwisha tangulia: theluji imefagiwa mbele ya jiwe, na shada la maua mabichi limewekwa chini.